Kabla ya Kununua Giaboksi Nyingine: Kutambua Hitilafu ya Gia Otomatiki

Maandishi ya hotuba kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Ngoingwa, Thika



Anayesimama asubuhi kando ya barabara ya Mang'u akiangalia magari yanayoelekea mjini Thika huona majina yale yale yakipita: Vitz, Fielder, Axio, Probox, Note, Demio, Forester. Mengi yaliingia kupitia bandari ya Mombasa baada ya kutumika Japani, na mengi hayana kanyagio la klachi. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hiyo gari lililofika likiwa na miaka 7, kisha likafanya kazi hapa miaka mingine 6, lina giaboksi ya miaka 13. Mara nyingi mwenyewe hajui ni lini oili yake ilibadilishwa, au kama iliwahi kubadilishwa.

Siku gari kama hilo linapoanza kugutuka au kukataa kuondoka, sentensi inayosikika gerejini huwa fupi: "Giaboksi imekufa, leta nyingine." Kwa mwenye gari la nyumbani hilo ni pigo. Kwa dereva aliyenunua Fielder ya teksi kwa mkopo wa Sacco, ni swali la kama gari litabaki lake, maana marejesho ya mkopo hayasubiri gari litengenezwe. Na uchungu hasa ni pale giaboksi nyingine inapofungwa, pesa zimelipwa, na gari linaendelea kugutuka vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa waya, au koili ya injini, au swichi ndogo ya taa za breki.

Hotuba hii inahusu mpangilio wa uchunguzi. Fundi mzuri huanza na yale yasiyo na gharama, akaenda kwenye ya gharama ndogo, na kufungua giaboksi huwa jambo la mwisho.

Kitu cha kwanza ni kujua gari lina giaboksi ya aina gani. Neno "otomatiki" linafunika mashine zisizofanana. Ipo ile ya hatua, yenye gia 4, 5 au 6, inayofanya kazi kwa konveta iliyojaa oili, seti za gia na klachi zinazobanwa kwa shinikizo la oili hiyo. Kampuni ya General Motors ndiyo iliyoanza kuuza gia otomatiki kamili kwa wingi, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ipo pia CVT, ambayo haina hatua: ukanda wa chuma unapita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubanwa. DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1958, ukanda ukiwa bado wa mpira. Na ipo ya tatu, yenye klachi mbili kavu au za oili, inayopatikana katika baadhi ya Honda Fit za haidrijeni? La, za haibridi, na katika magari mengi ya Volkswagen.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Mfano ulio karibu ni Probox. Ile ya awali, iliyotoka mwaka 2002, ikiwa otomatiki ina gia 4 za hatua. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2014, otomatiki yake ni CVT. Kwa nje mtu asiye makini huona gari lile lile. Forester nayo ni hivyo: ya kizazi cha tatu ina gia 4 za hatua, ya kizazi cha nne huja na CVT. Fundi akikariri kwamba "Probox huwekwa oili hii," atamwaga oili ya gia za hatua ndani ya CVT. Oili hizo mbili zina kazi tofauti. Katika CVT, ukanda wa chuma unashika puli ya chuma kwa msuguano tu, na oili yake imetengenezwa isiharibu mshiko huo. Ukiwekwa oili isiyofaa, ukanda unateleza na kukwaruza puli, na mkwaruzo huo hauondoki hata oili sahihi ikirudishwa.

Pili ni mahojiano. Daktari hachomi sindano kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na fundi naye ana maswali yake. Shida hutokea gari likiwa baridi asubuhi au baada ya kupata moto? Hutokea kwenye gia ya mbele tu, au hata ya nyuma? Ilianza ghafla au polepole? Na swali ambalo wengi husahau: ni nini kilifanyika kwenye gari wiki moja au mbili kabla? Betri ilibadilishwa? Rediata? Gari liligonga jiwe au tuta chini? Lilipita kwenye maji? Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 magari mengi nchini yalipita kwenye maji marefu. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia, na ikiwa ya moto ikapozwa ghafla na maji, huyavuta ndani.

Majibu ya maswali hayo yanapunguza kazi kwa nusu. Gari lisiloondoka kabisa asubuhi lakini likishapata moto linakwenda vizuri, na gari linalokwenda vizuri asubuhi lakini likaanza kuteleza likifika Juja kwa joto, hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tatu ni oili, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapotokea.

Kwa giaboksi nyingi za hatua zenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa gari likiwa limesimama mahali tambarare, giaboksi ikiwa na moto wa kawaida wa kazi, injini ikiunguruma, na mkono wa gia ukiwa P baada ya kupitishwa polepole katika nafasi zote. Honda nyingi ni kinyume: injini huzimwa kwanza, kisha hupimwa mara moja. Anayepima Toyota kwa namna ya Honda atasoma kiwango kisicho cha kweli. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa. Kiwango chake hukaguliwa kutoka chini, kupitia nati maalum, oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, na joto hilo husomwa kwa skana. Kukisia kwa kidole hakufai. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na klachi hukosa shinikizo. Ikizidi, gia huipiga ikawa povu, na povu halina nguvu ya kubana kitu. Dalili za yote mawili hufanana.

Baada ya kiwango, hali ya oili. Matone machache yawekwe kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Oili ya kawaida ya gia za hatua huwa nyekundu na angavu ikiwa mpya, na hugeuka ya hudhurungi kwa kutumika. Baadhi ya oili za CVT huwa za kijani, kwa hiyo rangi peke yake si hukumu. Harufu ya kuungua, pamoja na weusi wenye chembechembe, huonyesha kwamba nyuso za klachi zimeanza kuisha. Rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa ni hatari kuliko zote: maji ya rediata yameingia. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rediata yenyewe, na kizuizi kikitoboka maji na oili huchanganyika. Gari hilo lisiendeshwe hata hadi mjini. Maji hubandua nyuso za klachi kutoka kwenye sahani zake, na kila kilomita inaongeza hasara.

Sampu ikifunguliwa, ndani yake kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni la kawaida kwa mashine iliyofanya kazi miaka mingi. Vipande vinavyong'aa, vinavyoshikika kwa vidole, si vya kawaida. Mwenye gari ana haki ya kuitwa aone sumaku hiyo kabla haijafutwa.

Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha oili kwenye giaboksi ya zamani huiua. Oili mpya iliyo sahihi haiui giaboksi nzima. Kinachotokea ni kwamba wengi hungoja hadi gari linateleza ndipo wakumbuke oili, na likifa wiki mbili baadaye lawama huangukia oili mpya. Ni kweli pia kwamba kusukuma oili kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ambayo tayari inateleza kunaweza kuhamisha uchafu hadi kwenye tundu nyembamba za vali. Kumwaga iliyopo, kubadilisha filta na kujaza kwa kipimo ni njia ya upole zaidi.

Nne, injini na vilivyo nje ya giaboksi. Mtetemo wa gari kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, likikanyagwa mafuta kidogo, huweza kutoka sehemu mbili. Huenda ni klachi iliyo ndani ya konveta, au ni plagi na koili za injini zinazokosa kuwaka. Ipo njia rahisi ya kuzitenganisha, barabarani penye nafasi na pasipo na gari nyuma. Mtetemo ukianza, dereva aguse breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, bila kuachia mafuta, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Mguso huo huifanya kompyuta iachie klachi ya konveta. Mtetemo ukikoma papo hapo, macho yaelekezwe kwa konveta na oili yake. Ukiendelea vilevile, injini ichunguzwe kwanza. Plagi nne na koili moja haviwezi kulinganishwa kwa bei na giaboksi.

Kishindo cha kuingiza D au R nacho mara nyingi ni mauntingi za injini zilizokatika. Boneti ifunguliwe, mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha gia kutoka D hadi R, mwingine asimame kando, kamwe si mbele ya gari, aangalie injini inaruka kiasi gani. Mlio wa "kata-kata" wakati wa kukata kona ni jointi za ekseli. Mvumo unaobadilika gari likiegemea kushoto au kulia ni beringi ya gurudumu. Mlio unaopanda na injini hata gari likiwa limesimama katika N ndio unaoelekeza kwenye pampu au konveta.

Tano, umeme. Giaboksi ya kisasa huamriwa na kompyuta kupitia solenoidi, yaani vali ndogo zinazofunguliwa kwa umeme, na kompyuta hutegemea sensa za mwendo na za joto. Betri dhaifu au waya wa athi ulioshika kutu huweza kuifanya gia ibadilike kwa kishindo. Gari linalokataa kutoka P kabisa, mara nyingi lina fyuzi iliyoungua au swichi mbovu ya taa za breki. Mtu asimame nyuma aangalie kama taa hizo zinawaka breki ikikanyagwa. Ukaguzi huo ni wa dakika moja. Magari kadhaa yamevutwa hadi gereji kwa lori kwa sababu ya swichi hiyo.

Skana hutumika hapa, na hutumika vibaya pia. Kifaa cha bei nafuu kinachounganishwa na simu mara nyingi husoma kompyuta ya injini tu. Kikionyesha P0700, hakijasema giaboksi imekufa. Maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi ina ujumbe wake, usomwe huko kwenyewe kwa skana inayoifikia. P0740 inahusu mzunguko wa umeme wa klachi ya konveta, P0715 sensa ya mwendo wa kuingia, P0720 sensa ya mwendo wa kutoka. Namba hutaja mtaa, haitaji mlango. Baada ya namba, fundi huchukua mita ya umeme na kupima waya, plagi ya waya na upinzani wa solenoidi, akalinganisha na kitabu cha gari hilo. Anayesoma namba na papo hapo kuagiza spea anabahatisha kwa pesa za mwingine.

Gari likijifungia kwenye gia moja, likawa zito kuondoka na halibadilishi, mara nyingi kompyuta imejihami ili mwenyewe afike gereji. Kuzima na kuwasha huweza kulirudisha sawa kwa muda. Madereva wa teksi hufanya hivyo kwa miezi. Afadhali lisomwe siku ile ile, taa ikiwa bado imewaka.

Yote hayo yakipita bila jibu ndipo vipimo vya ndani vifuate. Cha kwanza hata dereva anaweza kukifanya: giaboksi ikiwa na moto, gari limesimama, breki imekanyagwa, ahamishe kutoka N hadi D na kuhesabu muda hadi gari lishike. Kwa giaboksi nyingi za hatua za Toyota, vitabu vya ufundi hutaka isizidi sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Ikichelewa D pekee, klachi ya mbele au njia yake ya oili inashukiwa. Ikichelewa kote, shinikizo lote liko chini, na pengine ni filta iliyoziba au pampu iliyochoka. Kipimo cha shinikizo kwa geji huthibitisha. Kuna kipimo kingine cha kukanyaga mafuta hadi mwisho huku breki zimekamatwa, kisichozidi sekunde 5. Hicho ni cha fundi aliyefunzwa, kwenye uwanja mtupu, magurudumu yamezuiwa. Kijana asikijaribu katikati ya nyumba za watu, na kisifanywe kwa CVT kama kitabu chake hakikiruhusu.

Ikithibitika kwamba giaboksi ni lazima ibadilishwe, bado kazi ya uchunguzi haijaisha. Namba ya aina ya giaboksi kwenye kibati cha gari ilingane na ile inayonunuliwa, iwe imetoka Kirinyaga Road Nairobi au kwa muuzaji wa Thika. Mirija ya kupozea oili na kipozeo chake visafishwe au vibadilishwe, kwa kuwa vipande vya chuma vya giaboksi ya kwanza vimebaki humo na vitaingia ya pili siku ya kwanza. Konveta iingie hadi mwisho kabla ya kufunga bolti, la sivyo huvunja pampu injini ikiwashwa. CVT nyingi, hasa za Nissan, huhitaji kompyuta ipewe takwimu za giaboksi mpya, jambo lisilofanyika kwa spana. Oili iliyomwagwa ihifadhiwe kwenye mtungi, isimwagwe mtaroni ikaelekea Mto Chania.

Kwa madereva, mambo mawili ya haraka. Gari otomatiki lililoharibika lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa chini, na la magurudumu manne yote libebwe juu ya lori, kwani pampu ya oili haizunguki injini ikiwa imezimwa. Na kuweka N kwenye mteremko ili kubana mafuta hakuokoi kitu kwenye magari haya: likishuka kwenye D bila kukanyagwa, kompyuta hukata mafuta yenyewe, na dereva anabaki na gia ya kumsaidia kushika.

Mwenye gari asilipe kabla ya kupewa karatasi. Si lazima iwe na mhuri. Iandikwe dalili zilizotajwa, kiwango na hali ya oili, namba zote zilizosomwa na kompyuta iliyosomwa, vipimo vya umeme, muda wa kushika D na R, na sehemu ambayo fundi anaamini imeharibika. Fundi mwenye cheti cha ufundi cha NITA, na yule aliyejifunzia kazi chini ya mti kwa miaka 20, wote wanaweza kuijaza kama kazi wameifanya kweli. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha mwenye gari kuuliza fundi wa pili bila kuanza upya.

Na giaboksi ya zamani ifunguliwe mbele ya mwenyewe kabla haijauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Klachi zilizoungua, puli iliyokwaruzwa au beringi iliyosagika zitaonekana kwa macho. Zikikosekana zote, kilichofanya gari ligutuke bado kimo ndani ya gari.